Mlango Chini ya Mashine

Kampuni yetu pale Lipangalala, Ifakara, ilikuwa na wafanyakazi wawili, na wote wawili walikuwa wakuu. Mmoja alikuwa baba, aliyeijua mashine. Mwingine alikuwa mama, aliyewajua watu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Morogoro, mchepuo wa biashara, niko nyumbani nasubiri matokeo, kwa hiyo sikuwa mfanyakazi wala mkuu. Nilikuwa mtu wa kutumwa tu.

Siku hizi nafanya kazi kwenye ofisi ya kompyuta mjini, na kila tunapobadilishiwa mkurugenzi wenzangu hugawanyika. Hawa wanasema kampuni ya mitambo iongozwe na mtu anayeijua mitambo. Wale wanasema aletwe mtu wa biashara, mafundi warudi kwenye nyaya zao. Wananigeukia: na wewe unasemaje? Huwa nasingizia kwamba kuna simu naisubiri. Si kwamba sina la kusema. Ninalo la mwaka ule wa Lipangalala, ila kila nikilitazama linanigeukia.

Baba alikuwa fundi wa reli. Miaka ya tisini ilipoanza walipunguzwa kazi, naye akachukua kiinua mgongo chake chote akanunua mashine ya kukoboa mpunga pamoja na injini yake ya dizeli, vyote vikuukuu. Mama alikuwa akiuza mchele mtaa wa Mlabani tangu mimi sijazaliwa, na sidhani kama kulikuwa na mwanamke Ifakara ambaye hakuwahi kumwita shoga. Kwa hiyo baba alileta chuma, mama akaleta wateja, na mwanzoni mambo yalikwenda bila mtu kuuliza nani anamwongoza nani.

Nieleze kwanza tabia ya mashine zile, maana ugomvi wote ulianzia tumboni mwa mashine yetu. Mpunga unamiminwa juu, unakobolewa, mchele unatokea pembeni. Lakini hautoki wote. Kiasi cha bakuli kubwa hubaki ndani, kwenye tumbo la mashine, mpaka mpunga wa mtu mwingine uje kuusukuma. Maana yake mteja wa kwanza wa siku anapunjika, kwa sababu mchele wake ndio unaolijaza tumbo. Wanaomfuata hawapungukiwi, ila kila mmoja anaondoka na kidogo cha mwenzake. Jioni mwenye mashine anafungua, anakung'uta, na kilichobaki ni chake.

Ilikuwa hivyo kwenye mashine zote tulizozijua, na kila mwanamke alielewa. Ndiyo maana asubuhi ungewakuta wamekalia magunia yao, kila mmoja na udhuru wake. Huyu anamsubiri mtoto alete ungo. Yule kiuno kimemkamata, kitaachia baadaye kidogo. "Tangulia wewe, dada." "Hapana dada, mimi nimekukuta." Ukipita njiani ungesema watu hawa wana adabu kupita kiasi, kumbe hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

Mama alilimaliza jambo hilo bila kushika spana. Kila asubuhi, kabla mtu hajafungua mdomo, alitoka na mpunga wa nyumbani kwetu akaumimina yeye. Tumbo likajaa mchele wetu. Jioni tukikung'uta, likaturudishia. Hatukupoteza kitu, na habari ikaenea kwamba pale kwa mama fulani mwenyewe ndiye anayetangulia. Foleni zikahamia kwetu.

Baba hakufurahia hata kidogo.

"Hiyo si dawa," alimwambia mama. "Mashine ina kasoro, wewe unaifunika kwa mchele. Mtu analeta mchele wake unanukia, anaondoka na chenga za jirani."

"Watu wanakuja, hawaji?"

"Wanakuja."

"Haya basi."

Nikimsikiliza baba nilimwona ana haki. Mama akijibu, nilimwona naye ana haki. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma, na hakikuacha msimu mzima.

Katikati ya msimu huo akaja afisa biashara kwa ajili ya leseni. Kijana mpole, mwenye baiskeli iliyong'arishwa kama ya bwana harusi. Akawaamkia wazee wangu, akauliza mkuu wa kampuni ni nani. Baba akasema, "Mimi," na mama akasema, "Mimi," kwa pamoja, kama wanaitikia kanisani. Afisa akacheka. Wao hawakucheka. Basi akasema atapita tena, wakubaliane kwanza.

Hawakukubaliana. Baba alisema bila yeye lile ni lundo la vyuma chakavu. Mama alisema bila yeye ni kelele tupu. Na jioni hiyo ndipo baba alipotoa habari aliyokuwa ameificha. Mwenzake wa zamani wa reli, ambaye sasa alikuwa kiwanda cha sukari huko Kidatu, alikuwa amemletea ujumbe kwamba nafasi ya fundi ipo, na nyumba ya kazi ipo.

"Kama hapa sina kauli juu ya mashine niliyoinunua mwenyewe," alisema, "heri nikazitumikie mashine za watu."

Mama aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Nilimtazama vizuri, nikaona anachambua ule ambao ulikwisha kuchambuliwa. Niliogopa. Baba alipokuwa reli tulikuwa tunamwona kwa nadra, anakuja na mkoba na kuondoka na mkoba, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa anamwamkia huku amejificha nyuma ya mlango. Sikutaka turudi huko.

Wakanigeukia mimi. "Wewe si umesoma biashara?" baba akasema. "Tuambie. Kampuni ya mashine inaongozwa na nani?"

Nilijaribu kukumbuka. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba meneja hupanga, husimamia, huamua. Hakutuambia kama anapaswa kujua kufunga mkanda wa injini, wala kama anapaswa kumjua kila mteja na ugonjwa wa mama mkwe wake. Nikasema, "Nyote mko sahihi."

Baba akasema ada yake imepotea bure. Mama akasema kweli imepotea. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana wiki hiyo.

Kesho yake baba akatangaza kwamba mashine inafungwa, anakwenda kuliondoa tumbo.

"Msimuni?" mama akauliza.

"Kwani kasoro inachagua msimu?"

Akafungua kila kitu, akavipanga vyuma juu ya turubai uani. Akakata chini ya tumbo, akaenda kuchomelea kimlango kidogo cha bati chenye mpini. Ukivuta mpini, tumbo linafunguka kwa chini na kila kilichomo kinadondoka. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa, na siku zote hizo mama alikaa kizingitini akiwatazama wateja wake wakipita na magunia kwenye baiskeli, wanakwenda mashine ya mtaa wa pili. Walimsalimia huku wanaangalia mbele. Yeye aliwaitikia wote, tena kwa majina ya watoto wao.

Baba alipomaliza alituita. Akamimina mpunga, ukakobolewa, akavuta mpini. Mchele uliokuwa tumboni ukashuka wote kwenye ungo. Alicheka peke yake, mtu ambaye hacheki ovyo. Niliona fahari mpaka nikasikia haya, na nikajiambia leo nimepata jibu, fundi ndiye mkuu.

Jibu hilo halikufika mchana. Wateja waliporudi, wa mbele alikuwa bibi mmoja wa Mlabani ambaye ulimi wake uliogopwa mpaka parokiani. Aliinama, akachungulia chini ya mashine.

"Na huku kuna nini?"

"Mlango, mama," baba akasema.

"Wa nini?"

Baba akaeleza. Alieleza habari za mwinuko, za mzunguko, za upepo ndani ya mashine. Alieleza vizuri sana na hakuna aliyemwelewa.

"Kwa hiyo," bibi akasema, "mchele mwingine unatokea pembeni, na mwingine unatokea chini."

"Ndiyo."

"Wa pembeni ni wangu. Wa chini ni wa nani?"

"Ni wako pia!"

"Sasa kama wote ni wangu, kwa nini usitoke pamoja?"

Wanawake wakacheka, lakini niliona wanavuta magunia yao karibu. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari kwamba mashine yetu imetobolewa mlango wa wizi. Mlango ambao mtu aliutengeneza ili asiwepo hata mmoja wa kupunjika! Nilikasirika hadi machozi. Nilitamani kuwakamata mmoja mmoja na kuwaingiza vichwa ndani waone.

Aliyeuokoa mlango ni mama, yuleyule aliyeupinga. Asubuhi iliyofuata alitandika turubai chini ya mashine, akaweka ungo wake, akakaa kwenye kigoda, na kila mteja alipomaliza, mama alivuta mpini kwa mkono wake. Mchele ukidondoka aliuchota wote akaumwaga kwenye gunia la mwenyewe. "Tazama shoga, usije ukasema nimekubakishia deni la punje." Akawatania, akawasukuma, akawauliza habari za wagonjwa wao. Alikuja mzee mmoja wa Kisukuma na mkokoteni wa ng'ombe umejaa magunia, anautazama mlango kwa jicho la mashaka. Mama akamwambia, "Karibu baba, vuta mwenyewe." Mzee akavuta. Akacheka. Akavuta tena ingawa hakukuwa na kitu ndani. Baada ya hapo foleni zilirudi zote, na nyingine zikaongezeka.

Kwa hiyo nikajiambia basi, mama ndiye mkuu. Nikajiambia vilevile kwamba bila mlango wa baba mama angekuwa anavuta nini? Nikaona niache kujiambia mambo.

Nilidhani yamekwisha. Lakini kulikuwa na kitu ambacho baba alikuwa anakitazama kutoka kwenye injini, na mimi sikukitilia maanani. Kila asubuhi mama aliendelea kumimina kwanza mpunga wetu.

"Mama watoto," baba alimuuliza siku moja, "wetu unaumimina wa nini? Tumbo halibakishi tena."

"Mazoea tu, baba watoto. Watu wamezoea kuniona."

"Wewe unaamini kwamba halibakishi?"

"Watu wamejaa. Niache nifanye kazi."

Baba alirudi kwenye injini. Alipokuwa ananawa mafuta mikononi aliniambia, taratibu, bila hasira, "Mama yako anausifu mlango wangu kwa Ifakara nzima. Yeye mwenyewe hauamini." Nilimpelekea mama maneno hayo, nikitumaini atayakana. Hakuyakana. Alisema, "Wateja hawarudi kwa ajili ya mlango, mwanangu. Wanarudi kwa sababu wameniona nimetangulia mimi. Sasa unataka niache?"

Sikujua ninachotaka. Nilitaka matokeo ya mtihani yatoke niondoke.

Halafu asubuhi moja baba akatoka chumbani amevaa shati lake la reli, limepigwa pasi, na sanduku lake la spana mkononi. Basi la Kidatu lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo. Aliwaaga wadogo zangu mmoja mmoja. Mbele ya mama alisimama kidogo.

"Afisa akija, mwambie mkuu ni wewe."

"Safari njema," mama akasema.

Ikawa hivyo tu. Miaka yote ile ya ndoa, na barua za reli, na watoto, na hakuna aliyeongeza neno. Nilimtazama mama nikaona nimchukie, nikamtazama baba anavyotokomea na sanduku nikaona nimchukie yeye, na nilishindwa kuchagua.

Wateja walikuwa wameshakaa. Mama akatoka na mpunga wetu kama kawaida, akamimina. Ukakobolewa. Akavuta mpini, mchele ukadondoka. Akabaki amesimama.

"Zima," akaniambia.

Nikazima injini. Wanawake wakanyamaza, maana hakuna mtu anayezima injini asubuhi watu wamejaa. Mama akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye kimlango, akapapasa, akautoa. Ulikuwa na vumbi la pumba tu. Aliutazama, upande huu na upande ule.

"Kumbe kweli haibakishi," akasema kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Alaa!" bibi wa Mlabani akasema. "Kwani wewe ulikuwa hujui?"

Mama alijifuta pumba mkononi. Aliniambia, "Chukua baiskeli. Kamwambie baba yako."

Niliendesha kama mwendawazimu. Basi lilikuwa bado stendi, linapakiwa magunia juu, na baba alikuwa ameshakaa dirishani. Nilimwamkia, ingawa tulikuwa tumeamkiana alfajiri, kwa sababu pumzi zilinipotea na sikupata neno jingine la kuanzia.

"Baba, mama ameingiza mkono. Amesema haibakishi. Amesema mbele ya watu."

Aliinama dirishani. Nilitegemea atatabasamu, au atalia, au atasema mama amechelewa. Alisema:

"Aliingiza mpaka wapi?"

"Baba?"

"Mkono. Aliingiza mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwenye kifundo cha mkono.

"Hapo hajafika popote. Kuna kona ya ndani, mpaka uingize hadi kwenye kiwiko. Mtu hawezi kusema haibakishi kwa kuchovya vidole."

"Baba, si ndicho ulichokitaka? Ameamini!"

"Ameamini bila kupima," akasema, na alishaanza kusimama. "Konda! Nishushie sanduku langu."

Aliendesha yeye, mimi nikakaa nyuma nimelipakata sanduku. Njia nzima alinieleza habari za kona. Nilikuwa naona mgongo wake tu na jasho kwenye shati la reli, nikawa najiuliza kama anarudi kwa ajili ya mama au kwa ajili ya kona, na kama nimwulize. Sikumwuliza.

Tuliwakuta wote palepale. Injini imezimwa, hakuna mteja aliyeondoka, hata wale ambao mchele wao ulikuwa tayari. Mama hakusema karibu. Baba hakuuliza za nyumbani.

"Ingiza tena," akamwambia. "Mpaka kiwiko."

Mama akakunja mkono wa blauzi, akaiweka sawa kanga yake kiunoni, akapiga magoti. Aliingiza mkono taratibu mpaka shavu lake likagusa bati, macho yakitutazama sisi. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akautoa, kiganja kimefumbwa, akakifumbua mbele ya baba.

Kulikuwa na punje chache za mchele. Nyeupe, nzima.

Sijawahi kumwona baba anafurahi vile, hata siku alipomaliza mlango. "Si nilisema!" alipiga kelele. "Kona! Kona hiyo ilinisumbua tangu mwanzo." Alishapiga magoti pale pale na shati lake la pasi, anachungulia, anagonga bati kwa kidole.

"Sasa," mama akasema, "utaondoka uniachie mashine yenye kasoro?"

Baba alimtazama kutoka chini. "Hapana," akasema. "Haiwezekani."

"Na leo hufungui. Watu wamejaa. Utafungua msimu ukiisha."

"Msimu ukiisha," baba akakubali, akainuka, akaenda kubadilisha shati.

Hakwenda Kidatu tena. Msimu ulipoisha aliifungua mashine akairekebisha ile kona, na kila msimu uliofuata alikuta jambo jingine la kurekebisha. Mama hakuacha kumimina mpunga wetu kwanza.

Lakini asubuhi ile, baba alipokuwa ndani anabadilisha shati, kanga ya mama ilikuwa imelegea ikaanguka, nami nikaiokota ili nimpe. Nilipoikung'uta, kwenye fundo lake zilidondoka punje za mchele. Nyeupe, nzima. Muuza mchele yeyote ana mchele kwenye kanga yake, na mama aliuza mchele maisha yake yote. Nilijaribu kukumbuka kama mkono wake uliingia ndani ukiwa wazi au umefumbwa, nikashindwa. Mama aliziona zile punje sakafuni. Akazisukuma kwa mguu mpaka chini ya gunia, akafunga kanga yake, akaniambia niwashe injini.

Afisa biashara alipita tena baada ya siku chache. Baba alikuwa amelala chali chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana, na mama alikuwa mlangoni anamtua mteja gunia. Kwa hiyo akaniuliza mimi, mkuu wa hapa ni nani. Nikamwambia sijui, na wala sikuwa namtania.